Mukeke wa Vimraba Hamsini

Mukeke ninayemchora mimi hazidi vimraba hamsini. Ana vimraba kumi na vinne kwa urefu, vitatu au vinne kwa unene pale tumboni, viwili vilivyoachana mkiani, na kimoja cha jicho. Ukiisogeza simu karibu na pua huoni samaki, unaona miraba mitupu. Isogeze mbali kidogo, samaki anatokea. Siku moja nilimwonyesha mama anayeuza samaki jirani na duka langu la fotokopi hapa Mulongwe, mjini Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, nikamwuliza, "Mama, huyu ni nani?" Akafuta mikono kwenye kikwembe, akatazama. "Mukeke. Lakini huyu ni wa jana."

Nilicheka, kisha nikamtazama tena samaki wangu. Jicho lilikuwa la kijivu. Nikaligeuza kuwa jeusi, nikaweka kimraba cheupe ubavuni mwake, nikamrudishia simu. "Haya, sasa ametoka ziwani asubuhi," akasema, akaendelea na wateja wake.

Watu huniuliza mtu mzima anapata nini katika kuchora vitu vidogo namna hiyo, ilhali simu za leo zinapiga picha safi. Ninapata hasa kile ambacho picha hizo hazina. Kwenye picha ya kamera huwezi kubadilisha nukta moja mtu akatambua. Kwenye mchoro wangu, kimraba kimoja kinaamua kama samaki ni mbichi au amelala.

Kwa wasioijua kazi hii: picha yoyote unayoiona kwenye skrini, iwe ya simu, ya televisheni au ya kompyuta, imeundwa na vimraba vya rangi vinavyoitwa pikseli. Simu janja nyingi za bei ya chini za siku hizi zina zaidi ya milioni moja, vidogo mno hata jicho haliwezi kuvitenga. Zamani vilikuwa vichache na vikubwa. Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na skrini ya vimraba 84 kwa 48. Jumla 4,032, basi. Humo mlikaa majina ya ndugu, meseji, saa, na yule nyoka tuliyemlisha hadi vidole vikauma. Nyoka huyo ni kazi ya Taneli Armanto, mhandisi wa Finland, aliyemwandika kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997. Simu za aina hiyo zilitufikia sisi wa mwambao huu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vita vya Kongo vikiwa bado havijaisha, na kwa wengi wetu ndiyo ilikuwa skrini ya kwanza kuishika mkononi. Ziliweza hata kupeleka picha kwa meseji: mchoro wa vimraba 72 kwa 28, mweusi tu bila rangi nyingine. Mapenzi yangu yalianzia hapo, kabla sijajua kwamba kuna watu duniani wanaoiita kazi hiyo sanaa.

Wachoraji wa kompyuta wa miaka ya 1980 hawakuchagua vimraba vikubwa kwa urembo. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ghali. Chukua ZX Spectrum, kompyuta iliyotoka Uingereza mwaka 1982 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 au 48. Skrini yake nzima, vimraba 256 kwa 192 pamoja na rangi zake, ilichukua baiti 6,912. Pale inapokaa picha moja ya simu ya megabaiti tatu, skrini kama hizo zingekaa zaidi ya mia nne. Na ili kubana nafasi, waundaji wake waliweka sheria ngumu: skrini imegawanywa vyumba vya vimraba nane kwa nane, na kila chumba kinaruhusiwa rangi mbili tu. Sasa jaribu kumchora mvuvi mwenye shati jekundu ndani ya mtumbwi mweusi juu ya maji ya bluu. Rangi tatu zikikutana chumba kimoja, moja lazima iondoke: ama shati linageuka bluu, ama ziwa linakuwa jekundu mabegani mwa mvuvi. Wachoraji hodari wa Spectrum walipanga ukingo wa kila kitu uangukie kwenye ukingo wa chumba. Mimi bado hujifungia ndani ya sheria hiyo nikipata jioni ndefu, ingawa hakuna anayenilazimisha.

Dhiki hiyo ilizaa sura tunazozijua wote. Shigeru Miyamoto wa Nintendo, alipomchora mwaka 1981 yule fundi mfupi wa mchezo wa Donkey Kong ambaye baadaye aliitwa Mario, hakuwa na nafasi ya mdomo; akampa masharubu yanayotenga pua na uso. Nywele zilisumbua, akamvika kofia. Mikono haikuonekana ikisogea, akamvisha ovaroli ya rangi tofauti na shati. Basi, sura inayojulikana kuliko ya marais wengi.

Lakini ninayemheshimu zaidi ni Susan Kare. Apple ilikuwa ikitengeneza Macintosh, iliyoanza kuuzwa Januari 1984, na Andy Hertzfeld, rafiki yake wa tangu shule ya sekondari, akamwomba achore alama za mashine hiyo. Kare alikuwa mtu wa sanaa, si wa kompyuta. Alinunua daftari la miraba, akajipimia eneo la 32 kwa 32, akawa anajaza kwa mkono: kopo la taka, bomu, ile kompyuta inayotabasamu. Kila alama ilikuwa na nafasi 1,024, nyeusi au nyeupe. Mwenyewe amesema kuwa ujuzi wa vigae na wa kudarizi ulimsaidia.

Hapo ndipo mama zetu wanapoingia. Katika sebule nyingi za Uvira utakuta vitambaa vimetandikwa juu ya viti na meza, maua na ndege wa mishono ya msalaba, kila mshono umekaa kwenye tundu lake. Mwanamke anayehesabu matundu ili bawa la njiwa lisipinde anafanya kazi ileile ya Kare, tena mara nyingi kwa rangi nyingi zaidi. Dada yangu mkubwa, aliyefundishwa kudarizi na masista, ndiye aliyenipa siri ya mstari wa kupinda. "Ngazi zako zipungue kwa utaratibu, mdogo wangu," aliniambia. Vimraba vitatu, viwili, kimoja. Kisha kimoja, viwili, vitatu. Ukiandika vitatu, kimoja, viwili, jicho linakwama hapo bila kujua sababu. Nimeikuta kanuni hiyohiyo baadaye katika mafunzo ya wachoraji wa pikseli wa Ulaya na Marekani, wameieleza kwa maneno mengi zaidi.

Zile emoji, nyuso za njano zinazojaa kwenye meseji zetu, nazo ni za ukoo huo. Mwaka 1999 Mjapani Shigetaka Kurita alichorea kampuni ya simu ya DoCoMo michoro midogo 176, kila mmoja vimraba 12 kwa 12. Mwaka 2016 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, liliichukua na kuiweka katika hazina yake. Kisha mwaka 2018 kijana wa Côte d'Ivoire, O'Plérou Grebet, akaamua kuchora emoji moja ya Kiafrika kila siku ya mwaka: vyakula, mavazi, ishara za mikono. Yeye hakutumia vimraba vikubwa, lakini alinifungua macho kuliko wote, maana nilirudi kwenye simu yangu nikamtafuta ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Kuna samaki pale, ndiyo. Wa bluu, hana jina, hajawahi kuvuliwa na mtu yeyote.

Ziwa Tanganyika lina samaki wa kila aina, na kwa uwanja wangu wa vimraba 16 kwa 16 inabidi niwatenganishe bila kuandika jina chini. Ndagala mmoja peke yake haiwezekani. Anageuka kuwa kijiti. Ninachora watatu wamelaliana mshazari, wenye mgongo wa bluu nzito na tumbo la fedha, kwa sababu ndivyo macho yetu yalivyomzoea, kwa fungu. Mukeke namtambulisha kwa urefu na taya la chini linalotangulia mbele kimraba kimoja. Sangala ni mnene, kinywa kipana, na mgongo lazima upande ghafla nyuma ya kichwa. Kuhe ndiye rahisi: wa manjano, mabaka meusi ubavuni. Watafiti wa kituo cha haidrobiolojia hapa Uvira wana vipimo vyao na majina ya Kilatini, mukeke wao ni Lates stappersii. Mimi nina vimraba 256, na mama wa sokoni ndiye mtihani. Akitaja jina bila kusita, nimemaliza.

Vifaa vyangu havitishi. Dukani nina kompyuta ya mezani ya zamani yenye Windows XP, na ndani yake ile programu ya Paint ambayo kila mtu huifungua mara moja akaidharau. Ukuze mchoro mara nane, uwashe gridi, una kiwanda kamili, chenye rangi 28 zilizopangwa tayari pale chini. Baobonye yake ni ya mpangilio wa Kifaransa, kwa hiyo anayejifunza kwa maelezo ya Waingereza atatafuta herufi A mahali palipo Q. Nyumbani natumia simu, kwa programu ya Pixel Studio, ya bure. Mwenye kompyuta ya kubebea atapata LibreSprite, nayo ni ya bure, na hiyo ndiyo ningemshauri yeyote anayetaka michoro inayotembea. Umeme ukikatika, na hukatika, kuna kaye ya hesabu, daftari lenye miraba, na biki. Michoro yangu mizuri mingi ilizaliwa kwenye kaye gizani, kwa tochi. Sisemi hivyo kusifu giza; ningependa zaidi umeme.

Uzito wa faili nao unatufaa watu wa kununua mega kidogo kidogo. Samaki wa vimraba 16 kwa 16 mwenye rangi nne, kwa hesabu ya mashine, ni baiti 64. Meseji moja ya kawaida ya simu hubeba baiti 140. Mikeke wawili wanaingia humo na nafasi inabaki.

Ila kuipeleka kwa WhatsApp kuna mtego, na wanaoanza wote hunijia na malalamiko hayo: "Mbona mchoro umekuwa ukungu?" WhatsApp huibana picha kwa mtindo wa JPEG, uliobuniwa kwa ajili ya picha za kamera, na mtindo huo hulainisha kingo kali. Kwa pikseli, kingo kali ndizo mchoro wenyewe. Dawa ni kuukuza kwanza mchoro kwa namba kamili, mara kumi kwa mfano, si mara kumi na nusu, na kuiambia programu isilainishe. Kisha uhifadhi kwa PNG, na ukiweza utume kama dokumenti badala ya picha. Fanya hivyo na kila kimraba kitafika kilivyo.

Sasa tuje kwenye ziwa lenyewe, maana hapo ndipo ninapomaliza usiku wangu. Sisi tuko pwani ya magharibi, milima ya Mitumba imetukaa mgongoni. Jua linazama nyuma yake mapema. Kivuli kinashuka mlimani, kinafunika mji, kinaingia majini, na wakati huo vilima vya Burundi ng'ambo bado vinawaka. Rangi nne zinatosha saa hiyo: zambarau nzito ya kivuli, kijani-bluu ya maji, waridi lenye chungwa la vilima, na krimu ya anga. Nyeusi siitumii kabisa. Kivuli cha jioni juu ya ziwa si cheusi, ni cha zambarau, na anayekichora kwa rangi nyeusi anaua mchoro. Pale rangi mbili zinapokutana napishanisha vimraba, kimoja cha hii, kimoja cha ile, na kwa mbali jicho linaziona kama rangi ya tatu ambayo mimi sikuitumia. Wachoraji wa kompyuta zilizokuwa na rangi 16 tu waliishi kwa mbinu hiyo.

Kuyafanya maji yacheze ni elimu nyingine, na mwalimu wangu kwa mbali ni Mark Ferrari, mchoraji wa Marekani aliyechorea michezo ya Lucasfilm, ukiwemo Loom wa mwaka 1990. Yeye ni bingwa wa kuzungusha rangi. Kila kimraba cha picha ya zamani hubeba namba tu, na namba hiyo huelekeza kwenye orodha ya rangi. Ukizungusha orodha, bluu ikachukua nafasi ya kijani na kijani ya nyeupe, maji yanatiririka bila kimraba hata kimoja kuhama wala kuchorwa upya. Nilipoielewa sikulala. Siku hizi naiiga kwa GIF, mtindo wa faili wa tangu 1987 unaoruhusu rangi 256. Picha nne zinazofuatana zinatosha kufanya Tanganyika ipumue.

Na usiku wenyewe ndio rahisi kuliko vyote. Penye giza la mwezi wavuvi wa ndagala hutoka na taa ili samaki wapande juu, na ziwa linajaa nukta za mwanga mpaka usijue Bujumbura inaanzia wapi. Mwezi ukiwa mpevu wengi hubaki nchi kavu, kwa kuwa taa haishindani nao. Mchoro huo ni uwanja wa bluu nzito na vimraba vichache vya mwanga, lakini rangi ya vimraba hivyo lazima uiamue. Ukivitia manjano ya asali, umechora miaka ya karabai. Ukivitia nyeupe yenye ubaridi wa bluu, umechora leo, wakati wa balbu za betri. Wazee wakiiona ya manjano huanza kusimulia. Vijana huona taa tu.

Tunzeni nakala. Mwaka 1985 Andy Warhol alimchora mwimbaji Debbie Harry mbele ya watu mjini New York kwa kompyuta mpya ya Amiga, na michoro mingine aliyoifanya kwa mashine hiyo ilikaa kwenye disketi hadi ilipookolewa mwaka 2014. Sisi hatukuhitaji miaka yote hiyo kujifunza. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 watu walipoteza ndugu na nyumba, na mbele ya hayo faili si kitu cha kulilia. Hata hivyo, tangu hapo kila mchoro wangu una nakala kwenye kadi ya simu ya mtu mwingine, anayeishi juu mlimani.

Zipo programu zinazogeuza picha ya kamera kuwa vimraba kwa kubonyeza mara moja. Wateja wangu vijana huzipenda na mimi siwazuii, lakini hiyo haimo katika ninachokisema hapa. Mashine inapunguza vimraba bila kujua kipi ni jicho na kipi ni matope. Mukeke wake huwa wa jana siku zote.

Kuhusu fedha, sina habari njema. Hii ni kazi ya kujifurahisha. Nimewachorea jirani vibao vichache vya maduka, na dada yangu huchukua michoro yangu ya samaki akaidarizi moja kwa moja, kimraba kwa mshono, bila kupima upya. Hilo limenilipa kuliko kibao chochote. Kwingineko michoro na programu za namna hii zina mashindano makubwa, kama Assembly ya Finland, inayofanyika tangu 1992, na mwaka 2020 nchi hiyo iliuingiza utamaduni huo katika orodha yake ya taifa ya urithi hai. Watu wa kule walianza vyumbani mwao, kwa mashine dhaifu kuliko simu iliyo mfukoni mwako.

Mtumbwi wenye wavu wa lusenga, kiboko anayepanda barabarani usiku, motari aliyebeba mabunda ya vikwembe, mashua za bandari ya Kalundu: vyote bado vinangoja vimraba vyake. Chukua kaye ya hesabu, pima kumi na sita kwa kumi na sita, na uanze na kuhe. Ni mnene, ana rangi mbili tu, anamvumilia mgeni. Ukimaliza, usimwonyeshe rafiki yako. Mpelekee anayeuza samaki.